Picha Ile Ile ya Fisi Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Barua imefika saa nne asubuhi. Tangu hapo mikono yangu haijapata joto.

Ni ya mkaguzi wa makao makuu. Ukurasa mmoja tu. Anasema ameziweka mezani fomu zetu za uhakiki za miaka sita, moja kando ya nyingine, akagundua kwamba fisi maji wa kinamasi chetu hazeeki. Hata shingo hajageuza. Miaka sita, picha ile ile! Tete lile lile limevunjika nyuma ya sikio lake, kwa pembe ile ile. Sisi tumekuwa tukibadilisha tarehe tu.

Fomu ya mwaka huu ina sahihi yangu. Mimi, niliyeajiriwa juzi juzi, miezi minne haijatimia. Niliambiwa, "Bandika kama ya mwaka jana," nikabandika. Nikahakikisha pembe zimekaa sawa. Nikapuliza gundi ikauke.

Anataka picha mpya ifikapo Ijumaa tarehe 29. Mnyama hai. Jicho lionekane. Koo lionekane, maana madoa ya kooni ndiyo yanayomtofautisha fisi maji mmoja na mwingine. Saa iandikwe, mahali paandikwe, na mpigaji awe yule yule aliyesaini. Isipopatikana, kinamasi kinafutwa kwenye orodha ya maeneo yaliyohifadhiwa. Kikifutwa kinafukiwa. Ombi la kujenga maghala pale liko tayari kwenye trei ya bosi — nimeligonga "IMEPOKELEWA" mimi mwenyewe.

Na mimi niko kwenye kipindi cha majaribio.

Mzee Muhuri, karani mkuu (tunamwita hivyo kwa sababu hapa haitoki karatasi asiyoigonga), aliisoma barua akiwa ameinyoosha mbali na macho, akasema wakaguzi wapya huanza hivyo, watapoa. Nikamuuliza kama amewahi kupiga picha mnyama. Akasema yeye hata akipigwa picha hufumba macho.

Jumanne, 5 Agosti

Kamera ya ofisi ilikuwa stoo, ndani ya boksi lililoandikwa MAZULIA. Mtunza stoo alinisainisha mara tatu: kamera, lenzi ndefu, mkanda. Akanishauri nikiidondosha nisirudi kuripoti, ninyooshe moja kwa moja nyumbani.

Bosi ameniruhusu kuingia kazini saa nne badala ya saa mbili mpaka tarehe 29. Kwa maandishi, nakala kwenye faili langu. Faili langu sasa lina karatasi mbili: barua ya ajira na hii.

Kijitabu cha maelekezo hakipo. Jioni nilibonyeza kila kitufe. Nilipiga picha mguu wangu, kabati, na mgongo wa shangazi akiwa kwenye cherehani yake. Shangazi aliutazama mgongo huo kwa muda, akasema kumbe ndivyo anavyoonekana akiondoka, haishangazi hakuna anayemwita arudi.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka barua.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kinamasini. Hakuna mtu. Matete marefu kunishinda, maji meusi, mbu wa kila cheo. Viatu vilizama hatua ya tatu.

Nilisimama kwenye tuta kama nguzo ya umeme. Nilipiga picha arobaini na moja, nyingi za maji. Lakini ya ishirini na tisa — kuna kitu! Cha kahawia, kirefu, kimelala juu ya maji karibu na matete. Kina kama kichwa. Kimetoka ukungu mtupu, lakini kipo!

Nimefika ofisini na tope mpaka magotini. Mzee Muhuri alitazama akasema ndiye yeye, huyo huyo, kanenepa kidogo. Nilitaka kumbusu.

Jicho halionekani lakini. Wala koo. Ni kupiga vizuri zaidi tu. Ni suala la ufundi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Fundi Pasipoti. Ana studio mbele ya ofisi yetu: stuli, pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele. Kila kitambulisho cha mtaa huu kimepitia kwake. Nilimwonyesha ile picha ya ishirini na tisa. Akaigeuza juu chini, akauliza kama ni kiatu.

Nikamweleza yote. Sijui kwa nini, sikukusudia. Nilipofika kwenye sahihi yangu akafunga mlango, akageuza kibao cha "NIPO" kikasoma "NARUDI", akaniketisha kwenye stuli ya wateja.

Mnyama pekee aliyewahi kumpiga picha ni mbuzi, kwa ajili ya cheti cha daktari wa mifugo, na anasema mbuzi alitulia kuliko waheshimiwa wengi. Lakini jicho ni jicho, anasema. Fokasi iwekwe kwenye jicho. Jicho likiwa safi mtu husamehe mengine yote. Kasi ya kamera kufunga iwe juu, maana mnyama hasemi "tayari". Mwanga uwe mgongoni kwangu, si mgongoni kwake. Zima mlio wa kamera. Zima flashi — "Unataka kumwamsha au kumpiga?" Na nishuke chini. Ukimpiga mtu mfupi umesimama, unapata utosi.

"Unabonyeza kama unagonga muhuri," akaniambia. "Shusha pumzi kwanza. Kisha minya polepole, kama mtu anayejaribu embe sokoni na mwenye embe anamwangalia."

Nimeandika yote. Kurasa mbili. Angalau kuandika naweza.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi: mabata wa jirani. Picha mia moja na tatu. Bata asiye na kichwa, bata nusu, mkia wa bata, mahali alipokuwa bata.

Jirani aliuliza kutoka dirishani kama mabata wake wanasafiri nje ya nchi.

Kuelekea jioni — mmoja! Jicho safi. Naona hadi duara la manjano linalolizunguka. Nimeitazama mara kumi. Siku kumi na tisa zimebaki.

Jumatano, 13 Agosti

Leo sikusimama. Nililala kifudifudi kwenye tuta, turubai chini. Shangazi alinishonea mfuko wa kuegemezea lenzi na kuujaza maharage; ameyapima kikombe kwa kikombe na anayataka yote. Lenzi ilitulia. Mwanga mgongoni. Kasi juu.

Na kitu changu cha kahawia kilikuwepo! Pale pale, karibu na matete. Nikashusha pumzi. Nikaminya.

Picha imetoka safi kabisa. Safi kiasi kwamba nimesoma maandishi. Ni dumu la mafuta ya kupikia. Lita ishirini, kifuniko chekundu kilichopauka. Hicho ndicho kichwa.

Siku sita nimekuwa nikilitafuta dumu.

Ijumaa, 15 Agosti

Niliona shingo nyeusi ikipasua maji. Nyembamba, inazama, inaibuka. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa kamera itauona. Nilisubiri. Ikaibuka na samaki mdomoni na mimi nilikuwa tayari — fokasi kwenye jicho, matone ya maji yamesimama hewani!

Mnandi. Ndege. Jicho lake la kijani kama chupa, kila unyoya umehesabika.

Fundi Pasipoti alitoka nje ya studio akiwa na ile picha mkononi, akamwonyesha muuza vocha. Akasema hata yeye asingeipata. Ndiyo picha yangu ya kwanza nzuri maishani. Nilikwenda chooni ofisini nikalia.

Maana nimeanza kuona mambo yalivyo. Nilipokuwa sijui kupiga, kinamasi kilijaa fisi maji. Kila ukungu ulikuwa fisi maji. Kadiri ninavyojifunza ndivyo wanavyoniishia, mmoja mmoja. Wa Jumatatu alikuwa gogo. Wa jana alikuwa kivuli cha tete.

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumatatu, 18 Agosti

Nitaandika. Vipi kama hayupo?

Leo nilimuuliza Mzee Muhuri mara ya mwisho kumwona kwa macho ilikuwa lini. Akaacha kugonga. Ofisi nzima ilitulia, maana tumezoea ule mdundo wake. Akasema, yeye kumwona? Yeye hajawahi kukanyaga kinamasini. Ana kifua kibovu. Picha aliikuta kwenye jalada aliporithi meza. Mwaka wa kwanza kamera iliharibika, akabandika ile ile kwa muda, mpaka itengenezwe. Ilipotengenezwa hakuna aliyeuliza.

Hakuwa mwovu hata kidogo aliponiambia hayo. Ndilo lililonitisha. Alieleza kama mtu anayeeleza kwa nini hupita njia ya nyuma.

Kwa hiyo hakuna mtu. Bosi hajui, mkaguzi hajui, Mzee Muhuri hajui. Miaka sita ofisi nzima imethibitisha kwa maandishi kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukiangalia. Na wa mwisho kuthibitisha ni mimi.

Baadaye alikuja mezani kwangu, akainama. Akasema binti, acha kujiua na mbu. Kule kwa mama wa samaki, mwenye mabwawa ya kufuga ng'ambo ya mji, yupo fisi maji amezoea watu kama paka. Nenda kampige. Nikamwambia lakini si kinamasi. Akasema maji ni maji.

Jumatano, 20 Agosti

Matete. Ukungu. Hakuna. Nimerudi na mafua.

Bosi ameuliza kama ninaendelea vizuri. Nikasema ndiyo, bosi. Ulimi ulijibu kabla yangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kwa mama wa samaki. Nilijiambia ni mazoezi tu. Ili nijue anavyoogelea, anavyotoka majini. Mwanafunzi yeyote angefanya hivyo.

Mama wa samaki alikuwa anarusha chakula bwawani. Nilipomwambia nimemfuata nani akauliza kama nimemletea kamba ya kumfungia. Humlia samaki watatu kila asubuhi, anaanzia kichwani, na akishiba huwaua wengine kwa starehe. Akanionyesha kwa kidevu: huyo hapo, mwizi wangu, piga umpeleke polisi.

Na alikuwepo! Kwenye ukingo wa zege, hatua nane kutoka kwangu. Sikuwahi kuona kitu kilicho hai kiasi kile. Mwili kama maji yaliyopata manyoya. Nililala chini. Akasimama kwa miguu ya nyuma kunitazama, samaki mikononi kama mtu ameshika hindi la kuchoma. Mwanga mgongoni kwangu. Jicho. Masharubu. Madoa meupe kooni, naweza kuyahesabu: manane. Nyuma yake, nyasi ndefu za ukingo. Zege halionekani.

Nilishusha pumzi. Nikaminya polepole.

Ni picha bora kuliko ile ya miaka sita. Ni bora kuliko yoyote niliyoiona ofisini. Kadi ya kamera huandika saa na tarehe. Mahali haiandiki.

Sijamwonyesha mtu. Mzee Muhuri aliutazama uso wangu nilipoingia, akarudi kugonga, taratibu, kama mwenye wimbo kichwani.

Jumapili, 24 Agosti

Nilimwonyesha shangazi. Alivua miwani ya kushonea, akaikazia macho. Akasema nimefika, basi, niache kukonda. Nikamwambia si wa kinamasini. Akauliza nani anajua. Nikasema mimi, wewe, mama wa samaki.

Akashona mstari mzima kabla ya kujibu. Akasema kuna nguo mbili alizowahi kuwashonea watu kwa kitambaa ambacho hakikuwa chao, miaka ishirini iliyopita, na akikutana nao barabarani bado hutazama pindo.

Kisha akaniambia nile.

Sijaifuta. Nilishika kitufe cha kufutia mara mbili. Ni kazi yangu ya kwanza ya kweli. Mkono umekataa.

Jumanne, 26 Agosti

Mavi!

Juu ya jiwe, upande wa mashariki wa kinamasi, ambako sikuwahi kufika kwa sababu ya kina. Mabichi. Yamejaa vipande vya magamba ya kaa. Mama wa samaki alinionyesha ya mwizi wake, najua yalivyo, najua hata harufu. Nilipiga picha ishirini za mavi, fokasi kamili, mwanga mzuri. Nilikaa kandokando yake saa mbili nikitabasamu kama mwehu.

Yupo. Au alikuwepo usiku. Yupo!

Ofisini Mzee Muhuri alitazama ile picha, akasema hajawahi kubandika hiyo kwenye fomu na hana mpango wa kuanza.

Siku tatu.

Jumatano, 27 Agosti

Nilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni toka saa kumi na moja na nusu. Kamera kichwani. Nilifika kwenye jiwe, nikajilaza nyuma ya matete, nikaganda. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno.

Saa moja na dakika kumi maji yalipasuka kimya kimya. Kichwa. Bapa, kipana, cheusi kuliko cha yule wa mama wa samaki. Huyu hajazoea watu. Alivuta hewa nikamsikia. Akaanza kutafuna kitu, kru kru kru, umbali wa chumba kimoja. Kaa.

Niliinua lenzi polepole. Nilishusha pumzi, nafikiri. Sikumbuki. Nilibonyeza. Kama ninagonga muhuri!

Akageuka. Hakubaki hata duara juu ya maji.

Picha moja. Tete la mbele limetoka safi ajabu, kila mshipa wa jani. Nyuma yake kuna doa la kahawia, na ndani ya doa kitu chenye kung'aa ambacho mimi najua ni jicho. Koo halipo. Mtu mwingine ataona dumu.

Nimekaa kwenye tuta, maji yananichuruzika. Nimemwona. Mimi, katika ofisi nzima, ndiye niliyemwona. Na sina cha kuonyesha.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekaa kinamasini saa nne nzima. Bosi aliniongezea muda wa saa mbili. Hakutokea. Nimemtisha. Mwanafunzi mbaya humfukuza mnyama wake.

Mezani nimekuta fomu imeshachapwa. Jina langu. Mahali: kinamasi. Picha ya kwa mama wa samaki imebandikwa, pembe sawa kabisa. Mzee Muhuri alikuwa ameinakili kutoka kwenye kamera nilipokwenda kubadili nguo juzi, akaichapisha kwa Fundi Pasipoti kwa jina la ofisi. Muhuri umeshagongwa. Pamebaki mstari wa sahihi tu.

Nilimwambia siwezi. Akaniambia bila ukali nifikirie. "Ukisaini, kinamasi kinabaki. Fisi maji wako anabaki. Usiposaini, umesema kweli na wamemfukia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana sijalala mchana wala sijala. Nikisaini namwokoa kwa picha ya mwingine. Na nikigundulika, hata yule wa kweli hataaminika tena, maana ofisi hii itakuwa imedanganya mara saba.

Fomu nimeifungia kwenye droo. Sijasaini. Sijachana.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa tano kasoro. Naandika mezani kwangu. Kwa anayepita, ninafanya kazi.

Mkaguzi amekuja mwenyewe. Ni mama wa makamo, miwani ina mnyororo, viatu vya mtu anayetembea sana. Yuko ofisini kwa bosi. Ukuta wao ni wa kioo, nawaona wote wawili.

Niliitwa saa nne na nusu. Nikaiacha droo imefungwa. Nikaingia na ile picha ya Jumatano, kamera shingoni.

Aliishika kwa ncha za vidole. Akauliza jicho liko wapi. Nikaweka kidole. Akakitazama kidole changu zaidi kuliko jicho. Bosi alikuwa anatazama zulia.

"Hili ni jani," mkaguzi akasema.

"Ndiyo, mama. Yeye yuko nyuma yake."

"Nikiandika kwamba yuko nyuma ya jani, nitaeleweka?"

Nikasema nimemwona. Nikasema saa, jiwe, kaa, mlio wa kutafuna. Nikasema ninajifunza, sijafika. Nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo. Hakunicheka. Aliuliza tu, kwa upole, kama nina nyingine.

Na hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema yote. Nikasema, "Zipo kwenye kamera." Nikamkabidhi, nikatoka, kwa sababu bosi alinionyesha mlango na miguu yangu ikatii.

Sasa anazitazama. Anaanzia mwisho kurudi nyuma. Kidole gumba chake kinakwenda bila haraka. Hizo ni za jana: matete matupu. Jani. Anasonga. Mavi — amevuta uso nyuma, akamwonyesha bosi. Matete. Matete. Ukungu.

Mzee Muhuri ameacha kugonga.

Kidole kimesimama.

Amevua miwani. Ameisogeza kamera karibu na uso. Anatabasamu — si tabasamu la ofisini, ni lile la mtu aliyetazamwa na kiumbe. Ninalijua, nililifanya mwenyewe nimelala kwenye ukingo wa zege. Amemgeuzia bosi kamera. Bosi ameweka mkono kifuani, halafu amenitazama kupitia kioo na kuniinulia kidole gumba.

Mkaguzi amevuta fomu mpya kwenye mkoba wake. Anaandika. Naona kalamu inavyokwenda, mstari wa kwanza, wa pili. Amefika mahali amesita, ameinua macho ananitafuta. Bosi ananiita kwa mkono.

Nimesimama. Bado naandika, nimesimama.

Bosi anafungua mlango mwenyewe. Anasema njoo mwanangu, mama anataka tu umtajie ni upande gani wa kinamasi